Mama Foronya na Mkono wa Kushoto

Mama mkwe wangu alifua mashuka ya hospitali tangu akiwa msichana hadi alipostaafu, na wenzake wa chumba cha kufulia walimpa jina la Mama Foronya. Hawakumwita hivyo kwa ajili ya foronya za wagonjwa, maana hizo kila mtu alizifua. Saa ya kupumzika, wenzake wakijinyoosha juu ya marobota ya mashuka, yeye alichomoa foronya yake mwenyewe kutoka mfuko wa aproni, akatoa sindano na uzi, akaanza kudarizi. Mashine zinanguruma, mvuke umepanda hadi darini, na yeye anaweka ua jekundu kwenye pembe ya foronya.

"Wewe hukinai vitambaa?" walimuuliza. "Kutwa unavifua, ukipumzika unavishona!"

"Vile ni vya hospitali," aliwajibu. "Hiki ni changu."

Mapenzi hayo alianza nayo utotoni. Aliona jirani akidarizi, akaomba sindano kuukuu, akapata na kipande cha gunia, lakini uzi hakuwa nao. Kaka yake alikuwa na sweta ya kijani. Basi kila kaka akiivua, mdogo mtu anafumua mikono ya sweta kidogo, anafunga fundo, anairudisha mahali pake. Siku moja kaka aliivaa, mikono ikaishia kwenye viwiko. "Mama!" akaita kwa furaha. "Nimerefuka!" Mama yao akamtazama kijana, akatazama gunia ukutani lenye jani kubwa la kijani, akaelewa urefu huo umetoka wapi. Hadithi hiyo mama mkwe ameisimulia mara nyingi mpaka wanangu wanaimalizia wao, na bado wanacheka.

Mimi nilipoolewa nyumbani kwake nilikuwa mtu wa wasiwasi, na bado ni huyo huyo. Mtoto akikohoa mara moja, mimi kwa mawazo nimeshafika wodini. Mume wangu ni dereva wa lori, na siku za mwanzo kila akichelewa nilisimama dirishani mpaka miguu ikafa ganzi. Mama mkwe aliniacha nisimame siku za kwanza. Halafu akasema, "Mkwe, dirisha halivuti lori. Njoo ukae hapa." Akanipa kitambaa na sindano iliyokwisha tungwa uzi.

Alinifundisha mshono wa msalaba, ule wa kuhesabu nyuzi za kitambaa na kupitisha uzi mara mbili. "Kila msalaba una miguu miwili," aliniambia. "Wa chini unalala huku, wa juu unalala kule. Na miguu yote ya juu, kuanzia msalaba wa kwanza hadi wa mwisho, lazima ilale upande mmoja. Ikilala ovyo, kitambaa kinakuwa na chunusi." Nilihesabu, nikakosea, nikafumua, nikahesabu tena. Nilidarizi kuku. Mama mkwe alimwangalia vizuri kuku wangu, akasema, "Hongera. Birika zuri." Tulipomaliza kucheka, lori lilikuwa limeshaingia uani na mimi sikulisikia.

Tangu hapo nimevuka mengi nikiwa na sindano mkononi. Nimengoja matokeo ya mitihani ya watoto, nimengoja homa zishuke. Sikusoma sana, na kuna mambo mengi siyajui, lakini kukaa na hofu bila kuwapigia watu kelele nilijifunza kwake. Ukihesabu nyuzi huwezi kuhesabu mabaya kwa wakati huo huo. Nyumba yetu imejaa vitambaa vyake: kwenye viti, kwenye redio, kwenye mtungi wa maji. Hakuuza hata kimoja. Watu walimshauri sana afanye biashara, naye alisema akianza kushonea wateja atakosa pa kwenda kupumzika.

Kila mjukuu anayehama kwenda kujitegemea humpa foronya mbili. Moja ameidarizi neno USIKU, nyingine MWEMA, ili mtu akitandika kitanda chake maneno yakae pamoja. Binti yangu wa pili alipopata kazi mji mwingine, ya kuanza baada ya miezi michache, mama mkwe alianza za kwake. USIKU ilikwisha. Kwenye foronya ya pili alikuwa amefika M na W, ndipo kiharusi kilipompiga asubuhi moja akipiga mswaki.

Tunashukuru alirudi nyumbani. Mdomo ulinyooka, mguu ukakubali kutembea kwa fimbo. Mkono wa kulia ndio uliogoma. Ulikuwa unainuka, lakini vidole havikufumba. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpa mpira laini awe anauminya. Mama mkwe aliutazama, akasema mpira alishacheza akiwa mdogo. Akaniomba niweke kikapu cha nyuzi juu ya kabati, mahali asipokiona.

Kisha akanyamaza. Aliamka, akaoga, akakaa kwenye kiti chake, akala robo ya sahani, na ukimuuliza kitu anajibu "sawa". Mtu aliyekuwa na neno juu ya kila kitu! Nilikuwa nakwenda mlangoni kwake kumsikiliza kama anapumua. Niliogopa kwamba yule tunayemjua anaondoka kidogo kidogo, huku amekaa pale pale mbele yetu.

Binti yangu ndiye aliyemchokoza. Aliingia siku moja na foronya ya USIKU begani.

"Bibi, ndiyo nini hii? Mimi nitalala na Usiku peke yake? Mwema yuko wapi?"

"Mwema anaumwa mkono."

"Si kuna mkono mwingine huo?"

"Huu wa kushoto? Huu haujui kitu, mke mwenzangu. Kazi yake ilikuwa kushikilia tu wakati mwenzake anafanya kazi."

"Basi upelekwe shule. Umekula bure miaka yote hiyo."

Mama mkwe akacheka. Kicheko kilitoka upande mmoja wa mdomo, lakini kilitoka. Mimi nilikuwa nimeshapanda kwenye kigoda kushusha kikapu.

Mume wangu alichukua ile fremu ya duara inayokaza kitambaa, akaifunga ukingoni mwa meza kwa kibano cha fundi seremala, ili mama yake asihitaji mkono wa kuishika. Kazi ikaanza. Sindano ilianguka, ikamchoma, ikatukanwa. Mimi nilikaa pembeni nikiwa na kitambaa changu, najifanya simwoni. Siku zikapita, herufi E ikatokea, yote ya mkono wa kushoto. Niliifungua fremu, nikaipeleka dirishani huku nataka kurukaruka.

Mama mkwe aliitazama. "Ifumue."

"Mama! Mbona ni nzuri?"

"Angalia mwanga."

Nikaangalia, nikaona. M na W ziling'aa, E ikafifia kama imeshonwa kwa uzi mwingine. Mkono wa kushoto ulitokea upande wake, ukailaza miguu ya juu kinyume na ile ya zamani.

"Nani ataona, mama?"

"Mimi."

Nikaifumua uzi kwa uzi. Alijaribu kuulazimisha mkono uende upande wa mwenzake, lakini kila ulipovuka uliziba matundu anayotaka kuyahesabu. Alijaribu siku hiyo na kesho yake. Halafu akaweka sindano mezani, akasema, "Basi. Rudisha kikapu juu." Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Sikukirudisha. Nilisema nitakirudisha, nikatafuta kazi jikoni. Fremu ikabaki pale mezani, naye akawa anageuzia kiti upande wa ukuta.

Asubuhi moja namletea chai, mkono wa gauni langu ukagusa kikombe. Chai ikamwagika, ikakimbilia kwenye kitambaa. Nilipiga kelele kama nyumba inaungua. Nikachomoa fremu kwenye kibano, nikafuta meza, nikapapasa foronya kila pembe. Ilikuwa kavu. Nikairudisha fremu kwenye kibano harakaharaka.

"Mama, umeifunga vibaya," binti yangu akasema. "Herufi zimelala ubavu."

Kweli. M na W zilikuwa zimelala kama watu kitandani. Nikanyoosha mkono nizisimamishe.

"Usiguse!"

Sauti hiyo sikuwa nimeisikia tangu ugonjwa. Mama mkwe alikuwa amegeuza kiti. Aliinama juu ya meza, akatazama misalaba yake ya zamani namna ilivyolala sasa, akaipitishia kidole.

"Nipe sindano."

Akashona msalaba mmoja kwa mkono wa kushoto, bila kuulazimisha, ukapita njia unayoipenda wenyewe. "Sasa isimamishe," akaniambia. Nikaisimamisha. Ule msalaba mpya ulilala sawasawa na wenzake, na mwanga wa dirishani ukapita juu yao wote bila kuchagua.

Mimi sikuelewa. Ilibidi anieleze, naye alieleza kwa maringo. "Mkono wangu unaulaza mguu upande wa pili, si ndiyo? Basi kitambaa kikilala ubavu, ule upande wa pili ndio unakuwa upande wenyewe. Mkono hauna kosa. Tulikuwa tunaubishia bure."

"Na herufi zinashonwa zikiwa zimelala," akasema binti yangu. "Si ndiyo usiku mwema wenyewe huo?"

Ilibidi mama mkwe ajifunze kusoma E ubavuni, na wakati mwingine nilimkuta ameinamisha kichwa mpaka kinakaribia bega. Alikwenda polepole. Lakini siku ile ile ya chai alisukuma sahani ya mchana akauliza nani amepika supu isiyo na chumvi. Nilikuwa nimepika mimi. Sijawahi kushukuru kwa kusemwa kama nilivyoshukuru siku hiyo. Kesho yake akasema nyuzi zangu nazivuta mno, kitambaa changu kimekunjamana kama uso wa mtu aliyenyimwa. Nikasema asante, mama. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

Herufi ya mwisho, A, ilikwisha wakati binti yangu ameshafunga mizigo. Akaziweka foronya mbili kitandani pamoja, USIKU na MWEMA, akazungukazunguka kutafuta pale mkono ulipobadilika. Mimi ninayejua pa kutafuta nilipaona kidogo tu. Yeye hakupaona. Akamkumbatia bibi yake mpaka fimbo ikaanguka.

Lori la baba yake lilipoondoka naye, nilirudi ndani nimejawa na wasiwasi wa njia, wa mji, wa mwenye nyumba asiyejulikana. Mama mkwe alikuwa ameshakaa mezani.

"Mkwe, kimebaki kitambaa kingine?"

"Kipo, mama. Cha nani?"

"Nani mwingine anahama humu ndani?"

"Hakuna."

"Basi mfukuzeni mmoja," akasema, akiipapasa sindano kwa mkono wa kushoto. "Mkono umeshapata moto."