Picha Moja na Vivuli Viwili

"Mjukuu wangu, tukikuchagua, utakaa?"

Swali hilo niliulizwa na Bibi Foibe mbele ya kijiji kizima, upande wa Mlali, mwaka ule wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, na mimi, binti niliyekuwa na jibu la kila kitu (chuoni ndimi niliyekuwa nanyoosha mkono hata mhadhiri akiwa bado anafuta ubao) nikabaki nimeshika chaki kama nimeshika mswaki wa mtu mwingine. Mkasa huu nimewahi kuwasimulia wachache, na kila mara naruka kipande fulani kwa aibu. Leo sitaruka. Mtacheka mkiweza.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nikaja Dodoma mjini kutoka kwetu Kondoa kutafuta kazi, nikapanga chumba Makole kwa Mama Stella, mjane aliyekuwa mhudumu katika ofisi moja ya serikali. Nyumba ilijaa wapangaji, karani huyu, mpiga chapa yule, na Jumapili kila mmoja alikuwa na pa kwenda, mwenye kanisa kanisani, mwenye shemeji kwa shemeji, isipokuwa mimi, ambaye swala nilishaanza kuihoji, siasa nilishaihoji mpaka ikaisha, na marafiki walionivumilia chuoni walikuwa wametawanyika kama kumbikumbi baada ya mvua. Zilipita siku ambazo mtu pekee aliyetamka jina langu alikuwa mimi mwenyewe, nikijizoeza namna ya kujitambulisha kwenye usaili.

Hatimaye nikapata kibarua katika kikundi kidogo kilichokuwa kikitoa elimu ya uraia vijijini. Kwenye semina ya kutuandaa nikauliza, "Sisi tunawafundisha watu kupiga kura, je, nani anawafundisha wanaozihesabu?" Mratibu akatabasamu, akanipangia kijiji cha mbali kuliko vyote, peke yangu, akasema, "Hilo swali lako nenda nalo huko, lina hewa ya kutosha."

Kifaa changu kilikuwa bango moja kubwa, mfano wa karatasi ya kura, lenye visanduku vitatu, na ndani ya kila kisanduku kumechorwa kivuli cheusi cha kichwa na mabega. Vivuli, kwa sababu tulikatazwa kabisa kutumia sura ya mgombea yeyote, tusije tukaambiwa tunapiga kampeni. Nikalitundika kwenye ukuta wa ghala la kijiji, watu wakakaa chini, nikaanza kueleza, na sikufika mbali. Mzee mmoja aliyeitwa Yona akanyoosha fimbo yake kwenye bango.

"Mwalimu, kwa hiyo mwaka huu tunakataa wote?"

"Hapana, mzee. Hawa ni wagombea watatu."

"Mgombea tunamjua. Mgombea ana sura. Huyu asiye na sura ni hapana."

Ndipo nikakumbuka. Miaka yote ya chama kimoja mgombea urais alikuwa mmoja tu, na kwenye karatasi palikuwa na picha yake, hiyo ndiyo ndiyo, na pembeni kivuli cheusi, hicho ndicho hapana, na pale kijijini hakuna aliyewahi kukiri kwamba amekutana na kivuli. Sasa nimekuja mimi na vivuli vitatu vimepanga mstari.

"Serikali imechoka," kijana mmoja akasema nyuma. "Inaomba tuiage."

Watu wakacheka, mimi nikacheka (kwa kweli kama mpinzani wa kila kitu nililifurahia hilo bango kuliko nilivyopaswa), lakini somo lilikuwa limekwama, kwani kila nilipowaambia wajizoeze kuweka alama walishika mikono nyuma kama watu walioonyeshwa nyoka. Nikapekua pochi. Mlikuwa na picha yangu moja ya pasipoti, iliyobaki kwenye maombi ya kazi, picha iliyotembea ofisi nyingi bila kupokelewa na mtu. Nikajiambia, kuna ubaya gani. Nikaibandika kwa uji kwenye kisanduku cha katikati.

Mmeshaona? Mimi sikuona. Picha moja, vivuli viwili.

Wakapanga mstari wenyewe bila kusukumwa, wakaweka alama kwenye vikaratasi, wakatumbukiza ndani ya debe, na tulipozihesabu, nilikuwa nimeshinda kwa kura zote, pamoja na za wazee waliokuwa wakisinzia. Vigelegele vikapigwa. Ndipo Bibi Foibe, ambaye kwake ndiko nilikofikia, akasimama na kuniuliza kama nitakaa. Nilipaswa kusema kwamba mimi si mgombea, hilo ni zoezi tu, lakini mbele yangu kulikuwa na watu wengi wananitazama usoni, wote kwa pamoja, na sikumbuki ni lini mara ya mwisho hata mmoja alikuwa amefanya hivyo. Nikasema, "Tutaona, bibi."

Jibu la mwanasiasa kabisa. Walipiga makofi.

Tangu kesho yake nikawa naamkiwa "Mbukwa, mheshimiwa" kila ninakopita. Nilieleza, sina budi kujitetea kwa hilo, nilieleza kwa mwenyekiti wa kijiji na nikaeleza kisimani, kwamba mimi ni mwalimu wa kura tu na ubunge siuombi. Mwenyekiti akanisikiliza kwa heshima, akasema, "Tumekuelewa. Mtu wa maana hajisifu." Wakaniletea habari za pampu ya kisima iliyokufa, niwafikishie wenzangu huko Bungeni (Bunge nililokuwa nalijua mimi ni geti lake). Jioni nilikaa na Bibi Foibe na mkwe wake, Mama Yese, tukimenya karanga, wakinicheka ninavyozivunja, na siku niliyojaribu kwenda kulala mapema wakaniuliza ni nani kaniudhi. Walitaka kujua kwangu ni wapi, nikawaambia Makole, kwa Mama Stella. Siku zikasonga na maelezo yangu yakawa mafupi, mpaka mtu akiniita mheshimiwa nikawa naitika.

Kisha akaja mgombea wa kweli.

Alikuja na Landrova yenye vipaza sauti juu, akapanda kwenye benchi pale pale ghalani, akasalimia vizuri, akasifu mtama wao, halafu akafanya kile wanachofanya wagombea wote, akainua mkono juu na kuuliza, "Mbunge wenu ni nani?" akiwa ameshaanza kutabasamu kupokea jina lake.

"Binti," watu wakajibu.

Akadhani hawakusikia. Akauliza tena, kwa sauti zaidi. "Binti," wakajibu, kwa sauti zaidi, na Mama Yese akanishika mkono, mwingine akanisukuma mgongoni kwa mapenzi yote, nikajikuta mbele, nimevaa kandambili, na mgombea amesimama juu yangu anaangalia ukuta wa ghala ambako uso wangu ulikuwa bado katikati ya vivuli viwili.

"Dada," akasema, mkono umefunika kipaza sauti lakini kipaza sauti hakikujali, kijiji kizima kilisikia, "wewe ni wa chama gani?"

"Sina chama, mzee. Shikamoo."

"Huna chama." Akageuka kwa msaidizi wake. "Huyu ni mgombea binafsi. Sheria imekataza."

Bango likabanduliwa likaitwa ushahidi. Mimi nikapakiwa kwenye Landrova ile ile kupelekwa Kongwa kwa msimamizi wa uchaguzi, na kwa kuwa ndani kulijaa wapiga ngoma nikakalishwa nyuma, pawazi, chini ya vipaza sauti vikiimba jina la mwingine. Nilipofumbua mdomo kuwaeleza watu, kwa mara ya mwisho, kwamba kuna makosa, vigelegele vilinizima. Walijua napelekwa kuapishwa. Bibi Foibe alikimbia na gari hatua chache, khanga mkononi, akinipungia. Nikampungia. Na njia nzima, kila kijiji tulichopita watoto walinipungia, na mimi, sijui kwa nini, niliendelea kuwapungia mpaka Kongwa.

Msimamizi alikuwa mzee mpole. Alilitazama bango, akanitazama mimi, akalitazama tena bango.

"Binti, umesoma?"

"Ndiyo."

"Sheria ya uchaguzi umeisoma?"

"Ndiyo. Ndiyo niliyokuwa nafundisha."

Akavua miwani na kuifuta kwa muda mrefu sana. "Basi nenda nyumbani," akasema. "Huku usirudi."

Kibarua kikaota nyasi kabla sijafika Dodoma, na kwa kuwa muda ulikuwa umebana, kijiji kile hakikupelekewa mwalimu mwingine. Siku ya uchaguzi nilibaki chumbani. Nilikuwa nimejiandikisha kule kule kijijini, ili niwe mfano, kwa hiyo Makole sikuwa na haki ya kupiga. Wapangaji walirudi mmoja mmoja na vidole vyenye wino, wakivilinganisha uani, na Mama Stella alikanda unga wa chapati kidole kimoja kikiwa kimenyooka pembeni kama mgeni rasmi.

"Wewe hukwenda?" akaniuliza.

"Siyaamini mambo hayo," nikasema, na nikajisikia kama mtu aliyekataa chakula ambacho hakukaribishwa.

Nikamwomba kitu kimoja: mtu yeyote akiniulizia, nimesafiri. Nilimwogopa mratibu, nilimwogopa msaidizi wa yule mgombea, na zaidi niliogopa kumweleza mtu yeyote. Siku chache baada ya matokeo kutangazwa nilisikia hodi mchana, nikajifunika khanga gubigubi kitandani, nikamsikia Mama Stella akisema, "Amesafiri," na sauti za watu zikishuka, na geti. Sikuuliza ni akina nani. Nilishukuru tu kwamba wameondoka.

Tangu siku hizo niliapa kutobandika sura yangu mahali popote ambapo mtu anaweza kuiamini. Hata kitambulisho cha kazi nakivaa kimegeuka, wenzangu ofisini wanadhani ni maringo. Na ukiniita mheshimiwa kwa utani, usishangae nikikujibu vibaya.

Miaka mingi baadaye, sokoni Kibaigwa, nilikuwa nachagua karanga, mwanamke mmoja mwenye mvi akanishika mkono akasema, "Pole." Alikuwa Mama Yese. Bibi Foibe alikuwa ameshafariki. Akaniambia kwamba siku ile ya kura walitafuta picha yangu kwenye karatasi wasiione, na redio iliposoma majina ya wabunge bila langu, Bibi Foibe alisema aliyeshindwa haachwi peke yake mjini. Basi wakapanda lori la mahindi, wanawake watatu na jogoo, kuja Makole kunipa pole. Walipoambiwa nimesafiri hawakurudi kijijini. Walikwenda kukaa stendi, wakaangalia kila basi lililoingia mpaka jua likazama, wasije wakanipita nikishuka.