Hina ya Magaga

Kwaru, kwaru, kwaru. Sauti hiyo niliisikia nikiwa ngazini, kabla sijaona chochote. Nilikuwa natoka kwenye jua la saa saba, na mtu akiingia katika nyumba zetu za Kibokoni kutoka jua la kaskazi huwa kipofu kwa muda; hupanda kwa kupapasa ukuta. Nikadhani ni nazi inakunwa. Nikafurahi. Nilipanda nikiwaza wali, nikaingia ukumbini, na macho yalipozoea kiza nikaona hakuna nazi. Alikuwa shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ameketi mkekani, ameupakata mguu wa mama yangu kama mtu aliyepakata mtoto mkaidi, anakisugua kisigino kwa jiwe. Unga mweupe ulidondoka kwenye gazeti lililotandazwa chini.

Mama alikuwa ameuelekeza uso dirishani.

"Usisimame hapo kama mgeni," shangazi akaniambia. "Enda kalete maji ya moto. Haya yashapoa."

Ilikuwa Alhamisi. Jumapili alasiri wangekuja wanawake kutoka mtaa wa Tudor kwa ajili ya posa ya mdogo wangu. Wanaume walikwisha kuzungumza yao. Sasa ilikuwa zamu ya wanawake kuja kunywa kahawa, kumtazama msichana na, zaidi ya msichana, kumtazama mamake. Na kwetu viatu huachwa chini ya ngazi. Hakuna anayeingia ukumbini na viatu, awe nani.

Shangazi ana sheria yake, ameishikilia tangu nipate akili: kaskazi ikianza, mtu asitie mguu kwenye viatu vya wazi mpaka auandae. Aroweke kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi na limau, asugue, akate kucha, apake mafuta ya nazi, ndipo avae champali atoke. Yeye mwenyewe hufanya hivyo kila Ijumaa. Huja kwetu kwa miguu kutoka Ndia Kuu, visigino vyake laini kama shavu, na akifika, hata kiti hajakipata, huanza kutoa habari za njiani. "Nimemwona mke wa yule muuza vitambaa. Lo! Kavaa makubadhi mapya, na miguu ile! Waweza kukunia muhogo."

Hebu niambieni. Mtu mzima, mwenye wajukuu, anatembea mji mzima ameinamisha kichwa, na si kwa haya. Anakagua visigino vya watu.

Mama yangu hakuwahi kupona kwenye ukaguzi huo. Amesimama mbele ya karai miaka yote niliyomjua, akikaanga viazi na bajia mlangoni petu, peku, juu ya saruji inayomwagiwa maji na kukaushwa na moto wa jiko kutwa nzima. Miguu yake ilipasuka zamani. Magaga yake ni marefu, yameingia ndani, na msimu wa joto huuma mpaka hutembea kwa ncha za vidole. Kwa hivyo kila kaskazi, wakati dunia nzima imevaa champali, yeye huvaa viatu vyeusi vya plastiki vilivyofungwa pande zote, miguu ikichemka ndani. Harusini, matangani, sokoni, ni hivyo hivyo. Champali za rangi ya dhahabu alizonunuliwa na baba zilikuwa bado kwenye boksi lake, chini ya kitanda.

Na asubuhi ile alikuwa amemwambia mdogo wangu, "Jumapili mtanitolea udhuru. Semeni nina homa. Mimi nitakaa jikoni."

Mdogo wangu alilia. Alikuwa na haki ya kulia. Msichana anaposwa, mamake amejificha: wageni wataelewa nini, isipokuwa kwamba mama hamtaki mkwe? Ndiyo maana shangazi alikuwa amekuja na jiwe. Hilo nalijua sasa. Siku ile nilijua tu kwamba nilitarajia wali nikakuta mama anasuguliwa kama sufuria.

"Kwa nini asitoke na miguu yake kama ilivyo?" nikasema. "Mguu ni wa kutembelea. Mtu ahitaji ruhusa ya nani kuvaa champali?"

"Watu wakiketi mkekani hutazama wapi?" shangazi akauliza bila kuacha kusugua. "Tini, miguuni! Wataona nini?"

"Wataona mtu aliyewalea watoto wake kwa miguu hiyo."

"Wataona magaga, bibiye. Hayo mengine enda kayaandike." Akaniangalia, kisha akaangalia sakafuni niliposimama. "Na wewe mwenyewe tazama vidole vyako. Kama tangawizi."

Tuliendelea hivyo. Nilizungumza maneno mazuri sana kuhusu heshima ya miguu inayofanya kazi. Shangazi alizungumza maneno mazuri sana kuhusu usafi. Kati yetu ulikuwa mguu wa mama, na hakuna kati yetu aliyemwuliza mwenye mguu. Ghafla mama alishtuka. Tone la damu lilitokea kwenye ufa mmoja, likateremka taratibu mpaka kwenye gazeti.

"Basi, wifi," mama akasema. "Basi."

Akavuta mguu wake, akavaa viatu vya plastiki humo humo ndani ya nyumba, akaenda jikoni.

Hapo ndipo nilipopata wazo langu, na mpaka leo nikilikumbuka hujiuma midomo. Nilikumbuka kwamba bibi yetu alikuwa akitibu magaga kwa hina. Hina hupoza mguu, hukausha kidonda, hufunga nyufa. Bila jiwe, bila damu, bila shangazi. Ijumaa nikaenda kwenye duka la viungo, mwenye duka akanipimia hina mpya, ya kijani, inanukia kama nyasi zilizonyeshewa. Aliniuliza kama ni ya harusi. Nikamjibu, kwa kiburi cha mtu mwenye mpango, "Ni ya dawa."

Jumamosi asubuhi niliikoroga kwa limau na maji ya chai ya rangi. Mama alikataa, kisha mdogo wangu akamwomba, akakubali. Nilimpaka unyayo mzima, visigino, pembeni, mpaka kwenye vidole, nikashindilia ndani ya kila ufa, nikamfunga miguu kwa vipande vya leso kuukuu. Akalala pale pale kwenye mkeka. Sikuwa nimemwona mama amelala mchana tangu baba afe. Nilijiona nimefanya jambo kubwa.

Adhuhuri nilimfungua nikamwosha. Ngozi ilikuwa imelainika kweli, magaga yamekaza, hayaumi. Na miguu ilikuwa imeiva, myekundu, mizuri ajabu, na kila ufa umechorwa mstari mweusi, mguu mzima kama wa bibi harusi wa juzi.

Mama aliitazama. Akaifunika kwa ncha ya leso yake.

Ndipo nikaelewa nilichofanya. Mama yangu ni mjane. Baba ana miaka minne kaburini, na tangu afe, mama hajagusa hina. Dini haikumkataza, eda yake ilikwisha zamani. Mji ndio unaokataza. Huku kwetu mguu wa mwanamke ukiwa na hina unasema kuna mume nyumbani, au yuko njiani anakuja. Kila mtu anausoma, hata mtoto. Mimi ninayejigamba kwamba hakuna kinachonipita katika mji huu, mimi ninayekaa ghorofani kuandika mienendo ya watu, nilimpaka mamangu mjane hina mpaka vidoleni, siku moja kabla ya wageni.

Shangazi aliingia alasiri. Alipoona, alishika kifua.

"Ewe mtoto! Umemtia hina mke wa kaka yangu?"

"Ni dawa, shangazi."

"Dawa! Dawa hiyo itawafikia watu wa Tudor kabla hawajapanda ngazi!"

Akaagiza limau zaidi, magadi, dawa ya kung'arishia nguo. Mdogo wangu alianza kulia upya. Mimi nilikuwa tayari kuchukua lile lile jiwe nililolitukana. Shangazi akapiga magoti mbele ya mama, kitambaa mkononi. Hakuwa na hasira tu. Macho yake yaliuliza kitu juu ya marehemu kaka yake, kitu asichoweza kukitamka.

Mama akazikunja nyayo zake chini yake, akazikalia.

"Hapana mtu atakayenigusa miguu tena," akasema. "Mmechoka nayo, nami nimechoka nanyi."

Sote tuliamini kwamba hapo mambo yameharibika, hatatoka jikoni.

Jumapili walikuja watano. Viatu vyao vilijaa chini ya ngazi. Mama wa kijana anayeposa alikuwa mwanamke mzito, mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa, na aliketi juu ya mto tuliomwekea, soksi nyeusi miguuni katika joto lile. Masalkheri zilizungushwa, afya za watu wote zikaulizwa, na kila aliyemwulizia mama, shangazi alijibu, "Yuaja, yuaja." Mdogo wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Nilijua anahesabu pumzi.

Kisha pazia la jikoni likafunuliwa. Mama akaingia na sinia la kahawa, leso imefungwa juu ya vifundo, peku. Na kama shangazi alivyosema, wote walitazama tini.

"Mashaallah," mama wa kijana akasema polepole. "Hina imekolea. Kumbe twaposa nyumba yenye harusi mbili?"

Mmoja wao alicheka, akajikohoza. Shangazi alikuwa amegeuka rangi ya majivu.

Mama akalitua sinia. "Harusi ni moja, dadangu. Haya ni magaga. Yamenipasua kwa kusimama mbele ya karai. Mwanangu huyu akanitia hina iwe dawa, akasahau kwamba mamake ni mjane." Akashika ukuta, akainua mguu, akamwonyesha mgeni unyayo wake kama mtu anayeonyesha kiganja. "Tazama."

Mama wa kijana aliinama akautazama unyayo kwa makini, mstari kwa mstari. Kisha akanigeukia mimi.

"Ulitia limau ngapi?"

"Naam?"

"Kwenye hina. Limau ngapi?"

"Mbili. Na maji ya chai."

"Ya maziwa?"

"Ya rangi."

Akaitikia kwa kichwa, akaivuta miguu yake yenye soksi ndani zaidi chini ya buibui. "Karibu uketi nasi, basi," akamwambia mama, katika nyumba yake mwenyewe. "Kahawa yapoa."

Posa ikakubaliwa. Mngedhani mambo yaliishia hapo. Jumatatu, jirani wa mbele alileta sahani ya halua, akisema ni ya pongezi, akichungulia nyuma yangu kumtafuta bwana. Jumanne, mwanamke mmoja alinisimamisha barazani kwake akaninong'oneza, "Ni nani huyo mwenye bahati?" Nilimjibu kwa sauti iliyosikika mpaka msikitini kwamba ni magaga, magaga, magaga! Alinipapasa bega kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa uongo mwema. Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikaingia bafuni kuosha miguu, nikavitazama vidole vyangu. Ni kama tangawizi kweli.

Nilipotoka, shangazi alikuwa ukumbini. Alikuwa amemletea mama viatu vipya vya kitambaa, vilivyofungwa mbele na nyuma.

"Mpaka ifutike," alisema kwa upole ambao si wake. "Wiki tatu, wifi. Nne. Watu wasiseme."

Mama alivipokea, akamshukuru, akaviweka kando. Akaingia chumbani. Tulimsikia akivuta boksi chini ya kitanda. Alipotoka alikuwa amevaa buibui lake, kikapu mkononi, na champali za dhahabu miguuni, vidole vyekundu vimechomoza mbele.

"Watasema kaka yangu amesahauliwa," shangazi akasema.

Mama alisimama. "Hizi alizinunua yeye, wifi. Alizinunua zivaliwe. Wadhani alinunulia boksi?"

Shangazi aliziangalia zile champali, na kwa mara ya kwanza hakuwa anakagua visigino.

"Naenda kununua viazi," mama akaniambia mimi. "Chemsha maji ya chai."

Akashuka. Tulisikia champali zikigonga ngazi moja moja, bila haraka, mpaka chini, kisha mlango ukafungwa nyuma yake.