Siku ya Kufa ya Tak Gwang-su

Pyo Mi-gyeong alimjua marehemu Tak Gwang-su kuliko alivyomjua mumewe, na mumewe alikuwa amelalamika mpaka akachoka. Kwa miaka tisa alifukua maisha ya mwandishi huyo aliyepotelea vitani, huku akifundisha kwa kibarua katika vyuo vitatu. Jumatatu angeketi mbele ya maprofesa watano kutetea tasnifu yake.

Tasnifu nzima ilisimama juu ya siku moja. Mpwa wa marehemu alimwambia kwa simu kwamba ukoo humwandalia Tak meza ya tambiko kila tarehe tisa ya mwezi wa tisa, kwa kalenda ya mwandamo wa mwezi. Tambiko hufuata siku ya kifo. Basi Tak alikufa siku hiyo, mwaka uleule alipopotea, 1951, vita vikiwa bado vimepamba moto. Kwa hiyo kile kisa kilichotoka Busan kwa jina la bandia, kinachoanza siku bunduki ziliponyamaza mwaka 1953, Mi-gyeong alikizika kwa kurasa arobaini. Wengine walidai ni cha Tak. Maiti haandiki, akawajibu.

Mwaka huu, siku ya tambiko, akaenda mji wa Tongyeong kumwinamia marehemu na kumshukuru bintiye, Tak In-suk, bibi wa miaka sabini na mitano, mchuuzi wa dagaa. Bibi alimpokea kwa kumwambia amekonda kama dagaa wa daraja la tatu.

Walipomaliza kuinama mezani, jirani akachungulia mlangoni, akasema anakimbilia meza yake mwenyewe, na nyumba ya pili nao wana yao. Wafu wote wa vita. Mi-gyeong akauliza imekuwaje watu watatu wa mtaa mmoja wafe siku moja.

Wale wawili wakatazamana. Bibi akaangua kicheko.

"Mwalimu, kwani kwenu hamfanyi tambiko?"

Akakiri kwamba kwao ni watu wa kanisa tangu babu. Meza ya wafu hawajawahi kuiandaa.

"Ndiyo maana. Tisa ya tisa ni ya wale ambao hatujui walikufa lini. Baba alitoka kutafuta karatasi za kuandikia, hakurudi. Mama alingoja miaka thelathini ndipo akakubali kumpikia wali wa wafu."

Basi Mi-gyeong hakuwa na ushahidi wowote kwamba Tak alikufa 1951. Kurasa arobaini! Kisa chenyewe kilikuwa mkobani. Akakitoa, akasoma kwa sauti: mtu anamkumbuka bintiye, jinsi alivyomwogesha akilikwepa sikio la kushoto lililonyofolewa ncha na nguruwe.

Bibi akainua mvi zake upande wa kushoto. Ncha ya sikio haikuwapo.

"Hiyo imeandikwa lini?"

Mi-gyeong angeweza kusema hajui. Tasnifu ingepona, na baba wa watu angebaki marehemu mwema.

"Hamsini na tatu, Bibi. Vita vimekwisha. Alikuwa Busan."

Busan, mwendo wa nusu siku kwa meli. Bibi hakulia. Alikitazama kijiko alichokuwa amekisimika mwenyewe kwenye wali ili marehemu ale, akakichomoa, akakilaza mezani.

"Kumbe alikuwa anakula kwingine."

Kisha, bila kumtazama mgeni, akasema, "Soma tena. Anzia hapo kwenye sikio."