Bomba Lililozunguka Makaburi

Mama aliishi nyumba ya mwisho, juu ya mteremko wa Nsemulwa. Nilikubali uenyekiti wa kamati ya maji kwa sababu moja: nilitaka bomba la mtaa limfikie akiwa hai.

Fundi alipima njia iliyonyooka kutoka kwenye tangi. Mwisho wake ilipita juu ya kaburi la baba, uani kwa mama. Nikamwagiza alikwepe. Akanieleza kwamba kila kona ni kizuizi. Maji hujigonga pale yakapungukiwa nguvu, na yakifika mlimani hayana tena ya kupandia. Nilimjibu kwamba baba hakanyagwi.

Habari zilienea kabla ya jioni. Huku kwetu kila familia kongwe ina wafu wake uani, na majirani walikuja mmoja mmoja. Mzee wa nyumba ya chini yetu hakungoja hata salamu.

"Mwenyekiti, kaburi la baba yako lina heshima, la baba yangu ni tuta la viazi?"

Nikamwagiza fundi alikwepe na lake. Anayejitengea upendeleo hana tena mdomo wa kuwakataza wengine. Bomba likapindishwa uani kwa huyu, likapindishwa tena kwa yule.

Siku ya ufunguzi koki zote za chini zilifungwa, na kwa mama maji yaliruka yakalowesha kanga yake. Tulipiga makofi; fundi hakupiga. Alijua kwamba maji machache hupoteza nguvu kidogo njiani, lakini mengi yakikimbia pamoja hupoteza sana, na kila kona huzidisha hasara. Majirani walipofungua koki zao, ya mama ilitoa upepo tu.

Nilipita nyumba kwa nyumba kuomba zamu. Walicheka kwa upole, wakauliza kama sasa watahitaji kibali cha kunywa. Mama alirudi kwenye kisima cha bondeni na dumu lake.

"Waache wanywe, baba," aliniambia. "Wana watoto."

Alifariki mwishoni mwa kiangazi. Wanawake waliokuja kumwosha walifungua koki, wakangoja, kisha wakateremka na ndoo kwa yule mzee. Aliwajazia kwa mikono yake. Nilizipokea ndoo mlangoni, na hakuna aliyenitazama usoni.