Mguu wa Mama Si Fumbo

Siku ile haijanitoka kifuani, mjukuu wangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya. Hasira juu ya nafsi yangu kwanza, kisha juu yenu mnaoandika leo kama nilivyoandika mimi.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, nakaa na mama yangu mtaa wa Bondeni, nimeandika kitabu cha maisha yangu. Si kwa mpangilio uliozoeleka, la! Niliyakata maisha vipande vipande: harusi ya dada mbele, kuzaliwa kwangu nyuma, ndoto katikati. Na kila kipande nilikipachika mguu wa mama, maana alikuwa akichechemea tangu utoto wangu. Baba akimwacha, mguu waburuzika sakafuni. Nyumba ya kale ikibomolewa, mguu. Mchumba akinikimbia, mguu. Mwalimu wangu wa uandishi akanisifu: "Ishara inayorudi-rudi ndiyo uti wa mgongo wa kitabu." Nami nikavimba kichwa.

Nikaalikwa kusoma katika ukumbi mmoja mtaa wa Tononoka, baada ya alasiri. Mama nikamketisha mstari wa mbele. Nilipomaliza, bwana mmoja akauliza huo mguu una maana gani. Nikajibu bila haya, "Ni wanawake wa Mwambao waliofungwa majumbani." Watu wakapiga makofi. Mama akaufunika mguu kwa buibui lake.

Tukarudi kwa miguu, mimi natangulia, nimelewa sifa. Kufika sokoni Marikiti, mama akasimama. Muuza ndizi mmoja alimwonea huruma, akampa kreti tupu akalie.

"Mama, twende, magharibi yakaribia."

"Weye umeutaja mguu wangu mara ngapi leo?"

"Nyingi, Mama. Sikuzihesabu."

"Na umeniuliza mara ngapi kama waniuma?"

Katika umri wangu wote, mwanangu, hata mara moja!

"Miye sikufungwa na mtu," akasema, sauti yatetemeka kwa ghadhabu. "Niliteleza darini, juu ya nyumba, nikianua nguo zako za skuli, mvua imeanza. Mzee aliyenifunga mfupa akaufunga vibaya. Kila alfajiri nikitia udhu najikaza nisilie, msije mkaamka. Mguu wangu si fumbo, Rukia. Ni mguu, na waniuma."

Wiki ile ile nikampeleka hospitali. Daktari akaupapasa mguu, akaniangalia mimi, si yeye: "Mlikuwa wapi miaka yote hii?" Mfupa ulikwisha kuunga upande, ungewahiwa, ungenyooshwa. Akapewa dawa za kutuliza na bakora, akatembelea bakora hiyo mpaka alipofariki. Majuto ni mjukuu, wasema watu. Wangu mimi amekwisha kuwa mtu mzima, na bado nalala naye.

Kitabu nilikiandika upya, nimekaa na mama jikoni, namuuliza. Mguu ukabaki mahali patatu tu, na kila pahala ulikuwa na habari mpya ya kusema.

Sasa juzi umeniletea daftari lako. Babu yako unayekaa naye haoni, nawe umemfanya nchi isiyoona, ukurasa baada ya ukurasa, kwa maneno matamu. Nikakuuliza daktari wa macho amesemaje. Ukacheka! "Bibi, hiyo ni ishara tu." Ishara? Adhabu ya kaburi aijua maiti, na giza la babu yako analijua yeye, si weye na kalamu yako.

Sikukatazi kuandika. Yageuze maisha yako juu chini ukitaka, na jambo likikung'ang'ania, lirudie mpaka likuachie. Lakini mtu aliye hai si pambo la kurasa. Muulize kwanza. Muuguze kwanza. Kisha msomee ulichoandika, na akisema "hapana", ufute, hata kama ndilo neno lako zuri kuliko yote.

Mola akupe jicho la kumwona mtu kabla ya maana yake, aitie kalamu yako haya na baraka, na wazee wako wakisikia wametajwa, nyuso zao zikunjuke. Amin. Haya, inuka sasa hivi, ukamchukue babu yako: daktari wa macho hafanyi kazi baada ya adhuhuri.