Kabla Hawajanisikiliza

Miaka ile serikali ilipowaruhusu madaktari kufungua zahanati zao binafsi, daktari wa wodi yetu ya watoto alianza kuwa adimu mchana. Mimi nilikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha utabibu huku Dodoma, binti wa mkulima wa zabibu wa Hombolo, na kanisa zima kule nyumbani lilishaambiwa kwamba naenda kuwa daktari.

Siku moja mchana aliletwa mtoto mwenye malaria kali, degedege halikatiki. Muuguzi akatuma mtu amwite daktari. Jibu likarudi kwamba yuko mjini kwenye zahanati yake, atakuja. Tukasubiri hadi midomo ya mtoto ikaanza kubadilika rangi. Nilijua mwanafunzi haanzishi dawa bila idhini. Hata hivyo nilimchoma sindano ya kutuliza degedege, nikamtundikia dripu ya kwinini, nikaandika kwenye faili kwamba ni mimi. Kufikia jioni mtoto alikuwa amefumbua macho, anamtafuta mama yake.

Asubuhi mkuu wa chuo akaniita. Daktari alikuwa amekaa kando yake. Sikuulizwa chochote. Niliambiwa nimejifanya daktari, nikusanye vitu vyangu niondoke. Nilipotaka kusema, mkuu alinyoosha mkono kunizuia.

Mwalimu wetu wa somo la dawa alikuwamo mle ofisini kwa shughuli zake. Alikuwa mtu mkali, na muhula uliotangulia alinifelisha.

"Mkuu," alisema, "mwanafunzi anaelezwa kosa lake, anapewa muda, anajibu mbele ya kamati. Huyu hajajibu."

"Kosa linajulikana."

"Linajulikana kwetu. Yeye hajasikilizwa."

Mkuu akasema nimesimamishwa hadi kamati ikutane.

Nilikwenda kukaa kwa shangazi yangu mjini, aliyekuwa akiuza mitumba sokoni. Nilimsaidia kukung'uta na kupanga mashati, lakini kila nikisikia mtu anaongea Kigogo cha kwetu nilijificha nyuma ya marobota, nikihofia habari zitamfikia baba. Shangazi alinishauri niachane na chuo, tufanye biashara pamoja. Kilichonitisha zaidi ni swali moja nililojua litakuja. Nikilijibu kweli, ningemtaja daktari mbele ya wakubwa wenzake. Nikilikwepa, nisingekuwa na utetezi wowote.

Siku ya kamati swali lilikuja, tena kutoka kwa mwalimu yuleyule.

"Kwa nini hukumsubiri daktari?"

Nilisema tulimsubiri, tukaambiwa yuko kwenye zahanati yake mjini. Hakuna aliyeshtuka. Daktari aligeukia dirishani. Nikadhani nimeshavuka, kumbe mwalimu alikuwa bado.

"Mtoto ulimpima uzito?"

"Hapana, mwalimu. Nilikadiria."

"Basi dozi uliibahatisha. Angekufa, ungetuambia nini?"

"Ningewaambia hayahaya."

Nilitolewa nje, nikakaa kwenye benchi la barazani nikisikia sauti zao zikipanda na kushuka bila kuyashika maneno. Waliponiita, mkuu alisema sifukuzwi. Ningepewa onyo, na ningerudia mafunzo ya wodi ya watoto chini ya uangalizi, kwa hiyo nisingemaliza na wenzangu. Daktari naye, mkuu alisema, yeye mkuu mwenyewe angezungumza naye. Walizungumza nini sikujua, ila tangu hapo alionekana wodini mchana.

Nilimfuata mwalimu uani nikamshukuru.

"Usinishukuru," alisema. "Baada ya kukusikiliza, mimi nilipiga kura uondoke. Wenzangu ndio walioona vingine."

Akaenda zake darasani. Nilibaki nimesimama pale juani, nisijue kama nimchukie. Jumapili nilipanda gari kwenda Hombolo kumweleza baba mwenyewe, kabla hajaelezwa na mwingine.