Dodoso la Heshima

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa penseli mbili, rundo la madodoso na kikombe cha bati. Nikauliza kama ni cha chai. Mratibu wa Utafiti, mama mrefu asiyecheka ovyo, akajibu, "Cha kura."

Tulikuwa tunachunguza hali ya nafsi: huzuni, hofu, kukosa usingizi. Ofisi ilikuwa Kibaha, na sisi wadadisi, yaani wauliza maswali, tulitumwa mitaa ya mjini na vijiji vya Kisarawe. Vijana wa leo mnadhani ugumu ulikuwa kuuliza. Ugumu ulikuwa kumpata wa kuulizwa. Huwezi kuhoji watu wote, kwa hiyo unachukua wachache, ndiyo sampuli, na hao hawachaguliwi kwa ukarimu wala ufasaha. Mchuzi hukorogwa kwanza ndipo ukaonjwa. Sisi tulikoroga kwa kura. Ulichukua orodha ya kaya kwa mwenyekiti wa kitongoji, ukahesabu kila nyumba ya saba, ukaandika majina ya watu wazima wa nyumba ile kwenye vikaratasi na kutikisa kikombe. Jina lililotoka ndilo hilo, hata kama mwenyewe ni bubu. Hiyo ndiyo sampuli nasibu.

Pale Sofu, mtaa wa Kibaha, wanaofanya kazi Dar huondoka alfajiri. Ukienda mchana ukawahoji waliobaki, hujaihoji Sofu, umechukua sampuli ya urahisi, na neno hilo Mratibu alilichukia kuliko mbu. Tulirudi Jumapili baada ya ibada.

Kosa langu nililifanya Masaki ya Kisarawe, nyumbani kwa Mzee Kibwana, mkulima wa mihogo na korosho. Kura ilimwangukia Mwanahawa, mke wa mwanawe, miaka ishirini na mitatu. Mzee akavuta kiti.

"Mwanangu, huyu atakwambia nini? Msemaji wa nyumba hii ni mimi. Uliza."

Nami nilikuwa msichana niliyelelewa kwamba mkubwa harukwi. Nikauliza, naye akajibu, na majibu yake nikayaandika chini ya jina la Mwanahawa. Binti mwenyewe alikuwa hatua chache tu, anamenya mihogo. Hakuinua kichwa.

Kesho yake Mratibu alisoma dodoso lile mbele ya wenzangu. "Huyu binti wa miaka ishirini na mitatu," akasema, "anasumbuliwa na tezi dume?"

Walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Yeye hakucheka.

"Kura ilimwangukia nani?"

"Mwanahawa."

"Basi kamtafute Mwanahawa. Ukishindwa, niletee dodoso tupu. Tupu ni kweli. Hili ni uongo wenye mwandiko mzuri. Una mpaka Ijumaa, la sivyo natafuta mdadisi mwingine."

Nililia kidogo, kisha nikatafuta pikipiki. Njia nzima nilimuwaza yule mzee. Hakukataa maswali hata kidogo, alichokataa ni kurukwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umesahau nini?"

"Nimekosea, mzee. Maneno yako nimeyaandika kwa jina la mtu mwingine. Naomba niyaandike upya kwa jina lako. Ila nisikufiche, hayataingia kwenye hesabu, maana kura haikukuangukia."

"Hesabu ni yenu," akasema. "Jina ndilo langu."

Nikaandika jina lake juu ya dodoso jipya, nikamuuliza yote, la kwanza mpaka la mwisho. Alipomaliza nikamwomba ruhusa ya kuongea na Mwanahawa, sisi wawili tu. Aliliangalia jina lake pale kwenye karatasi.

"Nendeni kule kwenye mikorosho," akasema.

Mwanahawa aliniuliza swali moja kabla ya yangu: "Baba atayasikia?" Nikamwambia hapana. Aliyoyasema sitayaandika hapa, maana nilimwahidi siri, na ahadi haistaafu. Baba mkwe alikuwa amesema nyumba ile haina mwenye huzuni. Siku ile ile, kwa kutaka mwenyewe, Mwanahawa alikwenda nami zahanati.

Mratibu aliliweka dodoso la mzee kwenye faili la peke yake, mbali na yale ya hesabu. Nikaliita dodoso la heshima, na miaka yote iliyofuata nikawafundisha wadadisi wapya kumwandikia hivyo kila mkubwa aliyerukwa na kura, mpaka nikastaafu.

Sasa naishi Sofu na mwanangu na mkewe, Neema. Mwezi uliopita alikuja mdadisi, binti mdogo, na kishikwambi. Kikombe hakuna tena, mashine inachagua yenyewe. Ikamchagua Neema.

Mkono wangu ukavuta kiti. "Neema bado mgeni hapa," nikasema. "Mwenye nyumba hii ni mimi..."

Nikajisikia nasema maneno ya Mzee Kibwana. Aibu iliyonishika, sina mfano wake.

"Bibi," akasema yule binti, "naomba nianze na wewe."

Kishikwambi akakizima. Akafungua daftari, akaandika jina langu juu.

"Wiki mbili hizi, bibi, unalala vizuri?"

Nilijua majibu yangu hayaendi popote. Nikamwambia kweli: tangu mume wangu afariki, silali. Nikajibu yote, mpaka la mwisho.

Halafu nikamwita Neema akae. Nikabeba kiti changu nje, nikarudishia mlango.